Dar mpaka Tunduma kwa gari dogo: wapi ujaze, wapi ule, wapi upumzike

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, ile ambayo wengi bado wanaiita TANZAM (yaani Tanzania–Zambia), ina kilomita mia tisa na ushee. Asiyeizoea hudhani shida yake ni mafuta. Sheli ziko nyingi mno. Pale Kibaha, na pale Chalinze, zimesimama karibu ukuta kwa ukuta. Kinachowaponza watu ni kusimama bila mpango. Taa ya tenki imewaka, mtoto anataka choo, dereva naye macho yameanza kuwa mazito, vyote kwa mpigo mmoja, basi gari linakunjwa kwenye kituo cha kwanza kinachoonekana. Hapo ndipo watu hujaza mafuta wasiyoyajua asili yake, hula kiporo cha jana, kisha hurudi barabarani na uchovu uleule.

Maelezo haya ni ya mwenye gari dogo, familia ndani na mizigo nyuma. Madereva wa malori wana shule yao, na mengi yaliyomo humu yametoka kwao.

1. Piga hesabu ya tenki usiku wa kuamkia safari

Chukua gari la kawaida lenye tenki la lita 45 linalokwenda kilomita 12 kwa lita. Kwenye karatasi hiyo ni kilomita 540, na Iringa iko takriban kilomita 500 kutoka Dar, kwa hiyo mtu anajiambia atafika bila kuongeza. Hafiki, au akifika anafika roho mkononi. Gari lina watu watano, AC inapuliza tangu Ubungo, kuna foleni ya kutoka mjini, na kabla ya Iringa kuna Mlima Kitonga wa kupandwa kwa gia nzito. Hesabu robo tatu tu ya kile karatasi inachosema. Kwa gari hili ni kilomita 400, maana yake ni lazima uongeze Mikumi au Ruaha Mbuyuni.

Ukishavuka Morogoro, mshale ukifika nusu anza kutafuta kituo unachokitaka. Ukisubiri robo utaingia kituo kinachokutaka wewe.

2. Jua bei kabla hujaondoka

EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutajwa mji kwa mji. Mafuta yakishashushwa bandarini Dar hupandishwa bara kwa malori, na gharama ya kuyasafirisha huingia kwenye lita. Ndiyo maana Morogoro ni ghali kidogo kuliko Dar, Iringa ghali kuliko Morogoro, na Mbeya juu zaidi. Piga *152*00# ufuate maelekezo, uandike mahali bei kikomo za miji utakayosimama. Bei kikomo ni dari: kituo kinaweza kuuza chini yake, juu yake hakiruhusiwi.

Basi jaza kabisa Dar, lakini usiuhangaikie sana unafuu huo. Tofauti ya Dar na Mbeya ni ya makumi ya shilingi hadi mia na kitu kwa lita, na kwa gari dogo hiyo haizidi pesa ya soda na chapati za watu wachache. Anayebeba madumu ya petroli kwenye buti ili aokoe pesa hiyo amegeuza gari la familia kuwa bomu. Mvuke wa petroli unavuja hata kifuniko kikiwa kimekazwa, na jua la Bonde la Mibuyu halina huruma.

Kingine cha kuzingatia ukitoka Dar ni kwamba kuanzia Kimara mpaka Kibaha barabara ni njia nane na katikati imezibwa. Kituo kilicho kulia kwako ni cha watu wanaoingia mjini. Chagua cha kushoto, na ukichague mapema, kwa sababu ukikipita utatafuta pa kugeuzia mpaka ujute. Jaza jioni ya kuamkia safari, foleni zikiwa zimepungua, ili alfajiri uwashe na kuondoka tu.

3. Namna ya kukipima kituo kwa macho

Jina kubwa kwenye bango linasaidia, ila lisikulaze usingizi. Vituo vingi huendeshwa na wakala aliyekodi jina, na wakala wa Makambako si yule wa Morogoro. Mimi natazama vitu vichache.

La kwanza ni kama kinauza. Kituo chenye magari matatu manne kwenye pampu muda wote mafuta yake hayakai. Kituo kizuri cha rangi mpya ambacho wahudumu wamekaa kwenye viti wakichezea simu, tenki lake la chini huenda halijapokea mzigo kwa muda, na mafuta yanayokaa muda mrefu hukusanya maji na uchafu, hasa masika. Kwa dizeli fuata malori. Mwenye lori anajaza mamia ya lita kwa mkupuo. Akiuziwa maji mara moja hasahau, na siku hiyohiyo wenzake wote wa njiani wanajua.

Halafu tazama bango la bei. Linatakiwa lisomeke ukiwa barabarani. Kama limezimwa, limevunjika namba au limefunikwa na mti, na pampu zinasoma bei nyingine, endelea na safari yako. Kwenye pampu yenyewe tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, inayoonyesha kwamba pampu imekaguliwa, na uangalie kama ni ya karibuni au imeshababuka.

Ukikuta lori la tenki linashusha mzigo, usijaze. Kuna hatari ya moto, na pia mafuta yanayomiminwa chini huvuruga masalia yaliyotulia kwenye kitako cha tenki. Pampu zina chujio, najua, ila kituo kinachofuata hakiko mbali.

4. Kwenye pampu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tuende polepole.

Zima injini. Shuka. Usikae ndani ukapitisha noti dirishani kama uko kwenye daladala. Simama mahali unapoona kioo cha pampu na mdomo wa tenki lako kwa pamoja. Taja kwa sauti: "Petroli, ya laki moja," au, "Dizeli, jaza fulu." Kuyataja mafuta ni muhimu kwa sababu kuna magari ya aina moja yanayokuja kwa petroli na kwa dizeli, na mhudumu aliyekesha hatafuti tofauti. Ukijua unapenda kuazimisha gari, andika aina ya mafuta kwa ndani ya kifuniko cha tenki.

Kabla bomba halijafunguliwa, tazama sifuri. Mstari wa pesa uwe sifuri, mstari wa lita uwe sifuri, na bei ya lita iwe ileile ya bango. Mchezo wa zamani kuliko yote ni kuanza pale mteja aliyepita alipoishia. Kijana anakuuliza kwa uchangamfu, "Bosi, oili iko sawa? Nikuangalizie maji?", wewe unageuka kufungua boneti, ukirudi kioo kimeshafika elfu thelathini na hukuona kilianzia wapi. Mjibu, "Malizia kwanza hapa, mdogo wangu, oili baadaye." Hakuna ugomvi. Wengi ni watu wema, na yule mwenye mchezo akiona unatazama anauacha.

Mchezo wa pili ni wa kukatisha. Umesema laki, anasimamisha kwenye elfu arobaini, anajifanya amesikia arobaini, kisha anaomba aongeze "sitini tu". Pampu ikirudishwa sifuri kabla ya hiyo sitini, hakuna tatizo. Isiporudishwa, ikaendelea mpaka sitini, umepata mafuta ya elfu sitini na utatoa laki. Mwambie ama aendelee palepale mpaka isome laki, ama arudishe sifuri mbele ya macho yako.

Watu hubishana kama ni heri kuagiza kwa lita au kwa pesa. Kama pampu ni nzima hakuna tofauti yoyote. Kama imechezewa utaibiwa kwa njia zote mbili. Kinachosaidia ni kumbukumbu. Ukijua tenki lako ni lita 45 na pampu ikakuambia imeingiza 49, unayo hoja ya kumpelekea msimamizi, na hoja hiyo haihitaji kelele. Vituo makini huwa na kopo la kupimia la lita 20. Omba pampu ipimwe ukiwepo. Wakikataa, Wakala wa Vipimo wana ofisi kila mkoa wa njia hii.

Mwisho, risiti. Idai hata kama una haraka. Iwe na jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, lita na bei ya lita moja. Iweke kwenye kibweta cha dashibodi, usiitupe mpaka utakapoongeza tena na gari likatembea vizuri. Bila karatasi hiyo, malalamiko yako EWURA ni hadithi tu. Kuhusu kulipa, Lipa Namba iko karibu kila mahali, ila mtandao una siku zake, hasa kwenye mabonde. Tembea na taslimu ya tenki moja, na isiwe pochi ileile ya pesa ya kula.

5. Vituo vyenyewe, kwa mpangilio wa njia

*Chalinze*, kama kilomita 107. Njia panda ya Tanga, Moshi na Arusha. Pana kila kitu na pana fujo: mabasi yanaingia na kutoka bila kukuangalia, bodaboda zinakatiza. Kama umejaza Dar huna sababu ya kusimama, labda kwa nanasi. Mananasi ya Kiwangwa yanapangwa pale barabarani, na ukienda bara ndiyo zawadi ya kuchukua. Kabla ya Chalinze kuna mizani ya Vigwaza. Gari dogo haikuhusu, ila malori yanapanga foleni, kwa hiyo punguza mwendo mapema.

*Morogoro*, karibu kilomita 192. Hapa ndipo pa kifungua kinywa kama uliondoka alfajiri. Supu na chapati, choo, kunyoosha miguu. Vituo vya pembezoni kuelekea Iringa vina nafasi kuliko vya karibu na Msamvu, ambako stendi na njia ya Dodoma vinabanana. Pima upepo wa tairi Dar kabla hujaondoka, zikiwa za baridi. Ukipima Morogoro baada ya saa tatu za lami, tairi imechemka na kipimo kinasoma juu. Usipunguze upepo kwa kipimo hicho.

*Mikumi*, kilomita 300 hivi. Kabla ya kuufikia mji unapita kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa. Humo hakuna sheli, hakuna duka, na hutakiwi kushuka wala kutupa kitu. Mwendo umewekewa alama na faini ya kumgonga mnyama ipo. Kwa hiyo choo ni Morogoro, si "tutaona mbele". Mambo ya kuchimba dawa hayana nafasi palipo na nyati. Mji wa Mikumi wenyewe umeota vituo na migahawa kwa ajili ya wasafiri, na ukilala hapo utapata nyumba ya wageni ya kila bei.

*Ruaha Mbuyuni.* Kama ningeruhusiwa kusimama mara moja tu njia nzima, ningesimama hapa. Mabasi mengi ya nyanda za juu hulia chakula cha mchana hapa, kwa hiyo migahawa imezoea kulisha watu wengi kwa dakika chache, na chakula kinachoisha haraka ni chakula cha leo. Ujanja ni kuingia kabla ya mabasi au baada yake. Basi moja likifungua milango, foleni ya choo peke yake inakula nusu saa yako. Nje utaona vitunguu vyekundu kwenye nyavu. Vya hapa vinasifika, ila nunua ukiwa unarudi Dar, usivipandishe Kitonga na kuvishusha tena.

Lakini sababu kubwa ya kusimama ni huo mlima ulio mbele. Kitonga una kona kali na upande mmoja ni korongo. Lori moja likiharibika kwenye kona, njia inafunga, na mnaweza kukaa saa kadhaa hakuna kwenda wala kurudi. Kwa hiyo kabla ya kuukabili, hata kama mshale uko juu ya nusu, ongeza. Nunua maji ya kutosha watu wote na kitu cha kutafuna. Fungua boneti ukague maji ya rejeta, lakini kwenye kile kidumu cha pembeni tu. Kifuniko cha rejeta iliyochemka usikiguse. Mkianza kupanda zima AC, weka gia nzito, na uache nafasi nyuma ya lori, kwa sababu linaweza kurudi nyuma kabla halijashika. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, kuna gari limekufa mbele kidogo. Na nyani wakikaa ukingoni kama ombaomba, funga vioo, usiwarushie mkate.

Kwa anayerudi Dar hesabu inageuka: Kitonga unaushuka. Simama Ilula, pumzisha breki, kisha shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Ilula ni nyanya. Zinauzwa kwa ndoo.

*Iringa*, kilomita 500. Mji uko juu mlimani, barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Wageni wengi hupanda mjini kutafuta mafuta bila sababu. Vituo vya Ipogolo vinatosha kabisa. Panda mjini kama unalala, maana vitanda vizuri viko juu na hewa ni safi.

*Mafinga na Makambako.* Baridi. Aliyetoka Dar na shati la mikono mifupi atajua hivyo akishuka kujaza, hasa Juni na Julai. Makambako ni njia panda ya Njombe na Songea, malori mengi, dizeli inazunguka haraka. Ukiwa unaelekea Mbeya, jaza hapa vya kutosha kukufikisha, na mbele yake pita polepole vijijini: alama za 50 ni nyingi na trafiki wa tochi hawalali.

*Igawa, Chimala, Igurusi.* Ni nchi ya mchele wa Mbarali. Vituo vidogo vipo. Mimi hutumia kwa choo na mchele zaidi kuliko mafuta.

*Uyole na Mbeya*, kama kilomita 830. Anayekwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi anakunja Uyole. Anayeendelea Tunduma avuke jiji, na aushuke mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi kwa heshima zote. Ajali za malori yaliyokatika breki pale zimeua watu wengi.

6. Chakula na choo bila kujuta

Anza na choo. Nenda kwanza kukagua, ukirudi ndipo uagize chakula, kwa sababu mgahawa usioweka maji na sabuni chooni hautakuwa nayo jikoni. Choo cha kulipia mara nyingi ndicho safi, kwa kuwa kuna mtu analipwa kukisafisha; weka sarafu za mia na mia mbili karibu. Wenye watoto wabebe karatasi zao.

Kwenye chakula, agiza kinachoungua mbele yako au kinachochemka. Wali maharage wa moto unashinda kuku aliyekaangwa asubuhi akawekwa kwenye kabati la kioo lenye taa. Uliza bei kabla, hata ya soda, maana vituoni msafiri huonekana kama mtu asiyerudi. Dereva ale nusu sahani. Ile nusu nyingine ya ugali italala naye usukani.

7. Usingizi

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, vituo vingi vya miji mikubwa vimekuwa na uhai saa zote, na hilo limempa mwenye gari dogo pa kujificha. Ukisinzia, ingia kituo chenye mwanga na mlinzi, mwambie, "Kaka, naomba nipumzike nusu saa pale pembeni," mpe heshima yake na kitu kidogo ukiondoka. Egesha mbali na pampu na mbali na njia ya malori, funga milango, acha kioo wazi kidogo, usilale injini ikiwaka. Kahawa na dirisha wazi havitibu usingizi, vinauahirisha mpaka kwenye kona.

Ukiweza, usitembee usiku kati ya Mikumi na Ilula. Wanyama, malori yasiyo na taa za nyuma, na kona za Kitonga ni mengi mno kwa mtu mmoja aliyechoka.

8. Gari likikataa baada ya kujaza

Ukikumbuka ukiwa bado kituoni kwamba imewekwa dizeli kwenye gari la petroli, usiwashe hata kwa sekunde. Sukumeni pembeni, fundi atoe mafuta yote ya tenki. Ukiwasha, mafuta yanaingia kwenye pampu na nozeli na bili inapanda mara nyingi.

Kama umeondoka na ndani ya kilomita chache injini inakohoa, inapoteza nguvu mlimani, au inazima ukiachia mafuta, ondoka barabarani, weka pembetatu mbele na nyuma. Fundi akitoa mafuta, mwambie ayaweke kwenye chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga na yaache yatulie: maji yatakaa chini kama tabaka lenye mstari, na utayaona kwa macho. Piga picha, tunza chupa hiyo imefungwa pamoja na risiti, kisha mpigie msimamizi wa kituo kabla hujaenda EWURA. Wengine hulipa gharama za fundi palepale, maana hawataki wakaguzi wafike na vifaa vya kupimia vinasaba, ile alama ya siri inayochanganywa kwenye mafuta halali.

9. Kuingia Tunduma

Kutoka Mbeya ni kilomita mia na kidogo, lakini foleni ya malori ya Zambia na Congo inaweza kuanza mbali kabla ya mpaka. Jaza na ule Mlowo au Vwawa, ukiwa bado unaweza kuingia na kutoka kituoni kwa uhuru. Ukishakwama nyuma ya malori, hata sheli iliyo mita mia mbele huifikii. Anayevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ahakikishe makaratasi ya gari na bima ya nje viko mkononi kabla ya kuingia kwenye mstari, na pesa abadilishe dirishani, si kwa vijana watakaomzunguka akiwa bado ana mkono kwenye bomba la mafuta.